Sala kwa Mama Kulwa

Jumamosi.

Nilidhani leo nitasali peke yangu. Tangu ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma waingie shambani na kula mpunga, vijana wa kijiji wanasema atakayekwenda kwa Msukuma yeyote ni msaliti. Na zamu ya sala ya jumuiya yetu wiki hii ilikuwa nyumbani kwa Mama Kulwa, Msukuma ambaye hana hata ndama.

Mimi ndiye mwenyekiti. Ningeihamisha sala, ningemwangalia vipi kanisani?

Njia panda niliwakuta vijana wamesimama. "Mama, rudi nyumbani," mmoja akaniambia, hata shikamoo hakuna. Nilikuwa karibu kugeuka nilipomwona Mzee Kasiani anakuja taratibu, rozari mkononi.

"Mpunga ulioliwa ni wangu," akawaambia. "Mwenye sababu ya kukataa kwenda kule ni mimi. Na mimi nakwenda."

Wakatupisha.

Tulianza sala tukiwa watatu tu, pamoja na mwenye nyumba. Kufikia wimbo wa pili ukumbi ulikuwa umejaa. Wengine walipita kwenye majaruba ya mpunga ili wasionekane, wakaingia na matope hadi magotini. Nacheka nikiwakumbuka.

Bado naogopa. Wale vijana ni watoto wetu, na hasira zao hazijaisha.

Lakini wakati wa kuagana Mama Kulwa alimuuliza Mzee Kasiani kwa sauti ndogo kama wiki ijayo, zamu ikiwa nyumbani kwa mzee, naye aende.

"Uwahi," mzee akamjibu. "Bila wewe nani atatuanzishia nyimbo?"