Makaratasi ya Nyumba Niliyomuficha Mume Wangu

Mupendwa Mama Yvette wa redio, nakuandikia na aibu, naomba unisaidie, maana hii jambo naibeba peke yangu na imenishinda. Naitwa Olga, niko mama wa watoto wine, tunakaa hapa Kasongo, na mume wangu, muzee Zéphirin, alifundisha shule ya primeri miaka makumi tatu na tano, sasa anangoja retreti, feza ya uzeeni, ambayo haijafika, tunaishi na shamba yetu ya muchele kule Wamaza. Mwaka uliopita aligonjwa, akalala hospitalini mwezi muzima, hata mimi hakunitambua, na siku moja nilirudi nyumbani kuchukua nguo, nikakuta shemeji yangu Dady anapima parseli yetu na kamba. Nikamuuliza, "Shemeji, unapima nini?" Akajibu bila kuniangalia, "Kiwanja ya ndugu yangu. Wewe ulikuja hapa na sanduku, utarudi nayo." Niliogopa, Mama, nikachukua makaratasi yote ya nyumba na ya shamba, nikayapeleka kwa dada yangu Estelle, Lusangi. Mungu akasaidia, muzee akapona, lakini sasa kila siku anayatafuta, anapindua kitanda, anauliza watoto, mimi nasema sijui, na juzi alikaa chini akaniambia, "Olga, pengine ugonjwa uliharibu kichwa yangu, sikumbuki tena fasi ninaweka vitu." Nilienda kulia jikoni. Nikimuambia kweli, ataona nilikuwa nangoja afe. Tena naogopa akiyapata atamupa Dady, maana wanapatana sana. Nifanye nini?

*Mama Yvette anajibu:*

Olga, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuhurumia, ya pili ukanikasirisha. Kuficha makaratasi siku ile haikuwa kosa. Mutu akipima nyumba ya mugonjwa angali anapumua, muke yeyote angekimbia nayo. Lakini mume wako amepona, na wewe unamuacha aamini kwamba akili imemutoka. Hiyo ni mbaya kuliko kamba ya Dady. Na je, ulimuuliza hata mara moja anayatafutia nini?

Kesho panda pikipiki uende Lusangi. Ukirudi, yaweke mezani mbele yake, na neno lako la kwanza liwe hili: "Akili yako iko nzima, mimi ndiye niliyeficha." Usianzie kwa Dady. Mambo yake utasema nyuma, akiisha kusikia yako. Zéphirin atakasirika, umuache akasirike, iko haki yake.

Akitulia, mukae muandike wosia. Aandike yeye mwenyewe, kwa mukono wake, kutoka mustari wa kwanza mpaka wa mwisho, aweke tarehe na sahihi. Usimuandikie wewe, wala musipige kwa mashine. Aseme nyumba inabaki kwa nani, shamba kwa nani, wewe utakaa wapi. Watoto wote waitwe kwa majina yao, na kama alizaa mwingine nje, naye aandikwe, hata ikikuuma. Kopi moja mupe padri.

Tena kuna jambo hukuniambia: ndoa yenu imeandikwa kwa leta, kwenye ofisi ya serikali? Pengine mahari ililipwa na kanisani mulifika. Lakini siku ya mashitaka, tribinali itakuomba karatasi ya leta. Kama haiko, mwende muandikishe, hata kama muko na wajukuu.

*Wiki tatu nyuma ya jibu hilo Olga aliandika tena, na ameniruhusu niwasomee:*

Mama, niliyaweka mezani vile ulisema, akakasirika siku mbili. Ya tatu akaniambia, "Nilikuwa natafuta yale makaratasi juu ya kuandika nyumba ibaki kwako." Ameandika yote. Tulimuita Dady, muzee akamusomea wosia mbele ya watoto. Dady hakufurahi, lakini alibaki, akakula na sisi.

Kwa leta hatukuwa tumeandikisha kitu. Tunaenda siku ya ine ya wiki hii. Jana muzee aliniuliza kama, nyuma ya miaka hii yote, ningemukubali tena. Nilimuambia asubiri, nitamujibu mbele ya leta.