Pikipiki Yako Juu ya Fuso

Baba,

Juzi tulimaliza matanga yako nyumbani kwa bibi, kule mbele ya Mwanhuzi, na kabla hujayasikia kwa mwingine nakwambia mwenyewe: wenzako wa kijiwe cha Bariadi walikwenda kwa fuso. Madereva wa pikipiki kumi na mmoja, wamevaa fulana zenye picha yako kifuani, pikipiki zao zimefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani, na wao wamekaa katikati wanatafuna karanga. Eti mvua imeharibu barabara. Eti tairi siku hizi hazidumu. Aliyetoa wazo ni mwenyekiti wao, yule yule aliyesema siku ya mazishi kwamba watakukumbuka kwa magurudumu. Magurudumu yalikuwepo, sikatai. Ya fuso.

Walitaka na yako ipande. Fuso ni la baba mdogo Masanja, na yeye ndiye aliyeshika usukani wa pikipiki yako akaniambia taratibu, "Kabula mwanangu, ipandishe tu." Nilimwambia akapandishe magunia. Nikapiga kiki nikaondoka.

Dharau hii ulinifundisha wewe. Unakumbuka ile siku umenibeba kwenda Sapiwi, tukapishana na mwalimu aliyepakia pikipiki yake kwenye pikapu? Ulicheka mpaka nusura tuingie mtaroni. "Abiria yule," ulisema. "Kanunua pikipiki ili aipe lifti." Nilikuona mkubwa kuliko wanaume wote wa mkoa huu.

Basi sikiliza walichofanya. Baba mdogo alinisimulia baadaye. Walipofika senta ya mwisho kabla ya kwa bibi, waliteremsha pikipiki zote. Pembeni palikuwa na kifusi cha watu wa barabara, kimelowa. Wakachota tope, wakapaka matairi, wakapaka suruali, mwenyekiti akajipaka mpaka shavuni. Wanaume wazima wenye watoto. Halafu wakaingia uani kwa honi na moshi, watu wakasimama kuwapokea mashujaa.

Bibi alitoka. "Mwadila," akawaamkia mmoja mmoja, akamshukuru kila mtu kwa safari. Alipofika kwa mwenyekiti akainama akaishika ile suruali. "Tope jekundu," akasema. "Mmepita wapi, wanangu?" Unaijua ile njia. Mbuga tupu, udongo mweusi unaonata kama ugali, na bibi amechunga ng'ombe humo tangu msichana. Mwenyekiti akasema wamepita njia nyingine. Hakuna njia nyingine, Baba. Walitazama chini, ila kula walikula.

Mimi nilifika vyombo vimeshaoshwa. Sala ilinipita, chakula kilinipita. Nilikuwa mweusi mpaka kiunoni. Kila baada ya hatua chache tope lilijaa kwenye madigadi mpaka gurudumu likagoma, nikalichokoa kwa kile kijiti chako. Nilianguka mara mbili. Lakini niliingia uani nikijiona, nakwambia kweli. Nilipita mbele ya wale watu kumi na mmoja polepole ili wanione vizuri, kisha nikasimama mbele ya bibi nisubiri sifa zangu.

Hakuniamkia. Alifuta goti langu kwa khanga, akaona damu chini ya tope. "Hili ndilo tope nililolifua kwenye nguo za baba yako," akasema, akaingia ndani.

Baba, siku ile ya mwisho ulipoondoka kwa bibi ulikuwa na homa. Ulitetemeka hata kikombe cha uji kikakushinda. Baba mdogo alikuwa pale pale uani na fuso tupu, akakuomba mbele ya bibi, "Kaka, pakia, twende pamoja." Ukamcheka. Ukasema hutaki kuchekwa Bariadi. Alikukuta korongoni, pikipiki iko juu yako, na akakupakia wewe pamoja nayo kwenye lile fuso ulilolikataa. Tangu siku ile sijawahi kusema neno hili, acha nilisemee hapa: ulikuwa mjinga. Nakupenda, na ulikuwa mjinga, na ile dharau yako imemnyang'anya bibi mtoto na mimi baba.

Asubuhi ya kurudi mvua ilikuwa inanyesha tena. Baba mdogo alifungua bodi ya nyuma ya fuso. Mwenyekiti na watu wake walikuwa wameshapanda, wananitazama. Bibi alikuwa mlangoni. Niliweka mguu kwenye kiki, nikauondoa. Nikaipandisha mwenyewe, nikaifunga kamba mwenyewe, nikakaa na wale waliojipaka tope. Mwenyekiti akanipa karanga. Bado namdharau, ila nilizitafuna.

Kwaheri, Baba. Pikipiki yako nitaiendesha, hilo nakuahidi: Sapiwi, Mkula, na kwa bibi pia jua likiwa limekausha njia. Lakini mbuga ikilowa, au mwili ukinikataa, nitaipandisha gari mchana kweupe. Nicheke ukitaka. Mimi ningekutaka hai juu ya fuso, Bariadi nzima ikikucheka.

Mwanao,
Kabula