Mke Wangu Amehamia Wodini

Mpendwa Eddo Ramlo, shangazi yetu sote, asalaam aleikum, naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijabomoka. Mimi ni dalali wa ngamia hapa soko la mifugo Garissa, watu wananiheshimu, lakini mke wangu Shamso amehamia wodini Nairobi na huu ni mwezi wa tano. Alimpeleka binti yetu Hani, ana miaka miwili, alizaliwa na tundu kwenye moyo, akafanyiwa upasuaji, alhamdulillahi moyo ukatengenezwa, ila akashindwa kupumua bila mashine, basi wakamtoboa shingo wakamwekea mpira wa kupumulia, na sasa wanasema anaweza kurudi nyumbani lakini hawamtoi mpaka watu wawili wa familia wajifunze kuvuta makohozi kwenye ule mpira na kuubadilisha, Shamso kashajua, amebaki mmoja, nami sikukaa bure, nilimtuma dada yangu, akarudi baada ya siku tatu akisema watoto wake wanamlilia, nikamtuma hata dereva wa lori langu, nesi Bridget wa wodi hiyo akamrudisha akisema si wa familia. Mimi mwenyewe nilienda mara moja, nikausikia ule mpira ukikoroma, nikatoka nje, nikakumbuka kuna ngamia wanaletwa kutoka Diff. Sasa chai najipikia, na nimeonyeshwa mjane mmoja wa Balambala mwenye tabia nzuri, je, nioe sasa, au nimngoje Shamso nisije nikaonekana sina huruma?

Mume Mpweke, Garissa

Mume Mpweke, waaleikum salaam. Pole kwa chai.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta shida ya mke, sikuiona. Na usijisumbue kujificha, mji huu ni mdogo. Ni wewe uliyemtia ngamia mkono kooni mpaka kiwiko ukatoa mfupa uliomkwama, soko zima likakusifu, na ngamia mwenyewe hakuwa wako. Mkono huo leo unaogopa mpira mwembamba kuliko kidole?

Kuogopa si aibu. Shamso naye aliogopa, wallahi, ila yeye hakuwa na ngamia wa kukimbilia. Huyo mjane muache akae salama Balambala, hajakukosea chochote.

Panda basi la Jumamosi asubuhi. Kata kucha. Mwambie nesi Bridget waziwazi kwamba unaogopa, akufundishe mara kumi, mara ishirini, mpaka mkono utulie. Ukizimia, utakuwa umezimia hospitalini, huko wamezoea. Kabla ya kutoka, ulizeni mashine ya kuvuta makohozi itafanyaje kazi stima ikikatika, na mkirudi Garissa mkimbilie wapi Hani akizidiwa. Mpira ukiziba mna dakika chache tu za kumwokoa, na Shamso lazima alale wakati fulani. Ndiyo maana wanataka watu wawili.

Kuna jambo hukuliandika, nadhani kwa sababu hukukaa wodini ya kutosha kulijua. Watoto wengi wenye mpira huo hulia bila sauti, pumzi inatokea shingoni kabla haijafika mdomoni. Hani hawezi kukuita, baba. Nenda bila kuitwa.