Kwa Mama Jumamosi, na Darasa Ulilotuachia

Mwaka umetimia, Mama, tangu uliposema unajilaza kidogo kabla ya kwenda darasani, na darasa likakusubiri hadi saa nane mchana. Uliacha mume, watoto wawili, dada mmoja na kompyuta kumi na mbili za chuo, ambazo ndizo zilizohitaji matunzo zaidi.

Chuoni walikuita Daktari. Kule shule ya mtaani, ulikofundisha kompyuta kila Jumamosi, kwa wasichana ambao hawakuwahi kugusa kibodi, ulikuwa Mama Jumamosi. Hukuwahutubia. Uliweka sheria moja tu: anayejua akae nyuma, akalie mikono yake. Kitinda mimba wako, mtaalamu wa kila kitu, aliikalia mpaka ikafa ganzi. Alipobandika karatasi za "Hatari, umeme" kwenye kompyuta zote ili awahi mpira, hukumchapa. Ulimtuma akamrudishe kila msichana aliyekimbia, nyumba kwa nyumba. Walikuwa ishirini na saba.

Ulikula umesimama. Ulitafuta miwani iliyokuwa kichwani. Majina ya wanafunzi uliyajua yote, yetu sisi wanao ukayachanganya.

Ulipoondoka, darasa tulilibeba sisi. Dada yako alitoa gari lake mpaka likagoma. Baba akaandika mahudhurio kwa mwandiko wake wa kuku. Chuo kikaleta barua: asipopatikana mwalimu kufikia mwisho wa muhula, vifaa virudishwe. Basi kitinda mimba akafundisha kila Jumamosi, anatabasamu kama mtu aliyebanwa na kiatu. Mwezi uliopita Baba alimkuta amekalia boksi la nyaya, hataki kuinuka.

"Nikiacha, Baba, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Baba akavuta boksi jingine, akaketi. "Mama yako naye alichoka, mwanangu. Alikuwa anajifungia bafuni analia, anafungulia maji msimsikie. Hebu kamuone mpishi."

Mpishi wa shule, Mama, yule aliyeingia siku moja kutafuta funguo ukamkalisha kiti cha mbele, sufuria zikaungua. Miaka miwili hakukosa hata kipindi kimoja. Alipoombwa afundishe, aliweka mwiko chini.

"Nimengoja mniambie tangu siku ya arobaini," akasema. "Niliona darasa mmelishika kwa nguvu, nikaogopa kuingilia msiba wa watu."

Chuo kilitaka vyeti vyake. Dada yako akaenda kuzungumza nao, na unamjua akizungumza. Alirudi na barua mpya.

Jumamosi iliyopita tulilala mpaka saa nne. Baadaye tukapita shuleni, kuona tu. Darasa lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mpishi alitusalimu kwa adabu zote, kisha akatuomba tusubiri nje, tunamvurugia wanafunzi.

Tukasubiri nje, Mama. Kulikuwa na kivuli.

Wanaokukumbuka: mumeo, dada yako na gari lake, mwanao mkubwa, aliyelipa mafundi wa kompyuta, na kitinda mimba wako. Hutatutoka moyoni, hata siku tunazosinzia.