Mkono Nilioupiga Ilula

Mugonile, Mama. Barua hii nampa dereva wa lori la viazi anayelala Uyole, maana mambo haya yamenishinda kuyasema kwenye simu. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Bado unapanda kilima kwenda shambani? Mimi ni mzima, ingawa usingizi umenirudia juzi tu.

Unamkumbuka Mama Faraja, jirani uliyenikabidhi kwake siku uliponileta huku kuanza ualimu. Yeye na mumewe wanauza nyanya barabarani, kwenye kibanda cha mabati. Jumanne asubuhi, mvua ilipokatika, nilikuwa napita kwenda shule. Nikasikia mtu akiguna. Kugeuka, namwona Mama Faraja ameshika ukuta wa bati, mkono hautoki, mwili mzima unatetemeka. Waya wa taa ulikuwa umechubuka ukagusa bati.

Mumewe alikuwa anaosha nyanya. Akatupa ndoo, akakimbia kumshika. Nikamdaka koti.

“Usimguse!”

“Niache, mwalimu! Mke wangu anakufa!”

“Ukimgusa mnakufa wote!”

Swichi ilikuwa ndani ya kibanda hichohicho. Kwenye baraza la jirani palikuwa na tenga tupu na mpini wa jembe, vikavu. Nikasimama juu ya tenga, nikaupiga ule mkono kwa mpini. Nilipiga kwa nguvu, Mama, mara tatu, ndipo ukaachia. Muda wote huo Baba Faraja amesimama, mikono kichwani, kwa sababu mimi nilimwambia asimame. Hospitali wakasema kiganja kimeungua vibaya, lakini atapona.

Sasa watu wakasema. Wakasema yule mwanaume alimwangalia tu mkewe. Maneno yakafika Mgololo kwa kaka yake Mama Faraja, na Alhamisi akawa amekuja. Nilimkuta nyumbani kwao, amesimama mbele ya Baba Faraja.

“Dada yangu anaungua, wewe umeshika kichwa? Akitoka hospitali naondoka naye.”

Tangu Jumanne Baba Faraja alikuwa hajala.

Nikasema, “Kaka, kamwene. Mimi ndiye niliyemshika koti. Mkasirikie mimi.”

Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza kama ninavyowaeleza kidato cha tatu, ila kwa Kiswahili kitupu. Kila kitu ni atomi, nazo zinashikana kwa chembe ndogo zaidi, elektroni. Kwenye mbao kavu, elektroni zimebanwa kati ya atomi na atomi, haziondoki. Kwenye metali atomi zote zinazichangia, kwa hiyo zinatembea humo zinavyotaka. Ndiyo maana bati linapitisha umeme na mpini haupitishi.

“Lakini mtu si bati,” akasema.

“Mtu ana maji na chumvi ndani yake. Chumvi kavu haipitishi umeme, chembe zake zimekamatana. Ikiyeyuka majini zinaachana, zinatembea, zinaubeba. Na shemeji yako mikono ilikuwa inachuruzika maji. Angemgusa dada yako, umeme ungempitia na yeye.”

“Kwa hiyo…”

“Mngezika wawili. Faraja ungemlea wewe.”

Akakaa. Chakula kilipoletwa, yeye ndiye aliyechukua jagi, akamnawisha shemeji yake kwanza. Hapo ndipo Baba Faraja akalia. Tulimwacha alie.

Sikuwaambia, Mama, kwamba na mimi niliogopa. Kila mwaka naandika ubaoni “metali hupitisha umeme”, nafuta, naendelea na somo. Siku ile, kabla ya pigo la tatu, nilidhani namchapa maiti.

Tafadhali mwite fundi aangalie waya unaopita juu ya bati la jikoni kwako. Usingoje nije.

Nisalimie baba mdogo, mwambie radio yake imepona. Msalimie wifi anayekaribia kujifungua, na shangazi wa ndizi pale sokoni. Mchungaji naye mwambie nashukuru kwa maombi.

Mama Faraja karudi jana. Mkono wa kulia umefungwa bandeji, kwa hiyo mumewe anamkatia tonge, analichovya kwenye mboga, anamlisha. Nilitaka kumpokea apumzike, akakataa kunipa sahani.

Ni mimi mwanao, ninayekuwaza kila asubuhi,
Tusekile