Programu Yako na Cherehani ya Mama

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa Mama.
Jumapili, 22 Juni.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Hujambo wewe, wifi na Bonge wetu? Kile kifua chake kimepona, au bado anakohoa? Huku miili ni mizima. Mama anakula vizuri, goti tu ndilo linalomsumbua akikaa sana. Mimi nina afya, ila nina hasira, na hasira zenyewe zinakuhusu, kwa hiyo kaa kitako.

Ni ile programu ya kodi uliyotuwekea kwenye kompyuta ulipokuja likizo. Ulisema tuachane na karani, kazi sasa ni kuandika tarakimu na kubonyeza. Haya. Juma lililopita nikakaa na Mama kwenye chumba cha kushonea, yeye anasoma, mimi naandika. Mauzo ya mwezi wa kwanza, elfu themanini. Nikaandika elfu themanini.

Sasa Mama unamjua. Hakati kitambaa bila kupima mara mbili, na hesabu ni vivyo hivyo. Akasema turudi juu tukague. Nikarudi, nikakuta milioni nane. Kumbe kila ukirudi kwenye kisanduku kukagua, hata usipogusa kitu, programu inabandika sifuri mbili. Hilo nimelijua baadaye. Siku ile nilidhani ni vidole vyangu, nikafuta, nikaandika upya, na Mama akataka tukague tena. Nilitaka kulia. Mwishowe ikatoa kodi ambayo hata mtaa mzima ukiuzwa hailipiki.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Muziki weee, halafu kijana mmoja ananiambia nizime niwashe. Nikazima, nikawasha. Sifuri zilikuwa palepale, zimetulia kama zina hati ya nyumba. Nikapiga tena, nikaambiwa tarakimu nimeziingiza mwenyewe. Nilikata simu kabla sijamtukana mtoto wa watu.

Yote hayo ningeyameza. Lakini Mama aliiona ile kodi kwenye kioo, akaiamini. Alifunga chumba, akarudisha vitambaa vya watu, hata sare za muuguzi jirani zilizobakia vifungo tu. Akatafuta mnunuzi wa cherehani, ile ile iliyotusomesha. Wewe alikataa tukupigie, eti tusikutie presha kazini. Nikamweleza habari ya sifuri mpaka sauti ikakauka, nikamwonyesha kwa kidole. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo kaiweka kaka yako. Wewe ndiye uliyeikosea."

Iliniuma, kaka. Goti namkanda mimi, dawa namfuatia mimi, halafu wa kuaminiwa ni wewe unayeonekana mara moja kwa mwaka.

Mnunuzi alikuwa aje jana asubuhi. Basi juzi jioni nikamfuata Mama chumbani kwake, nikamwambia eti wewe umenipigia simu, umesema programu ni mbovu na kodi yake haizidi ya mwaka jana. Hakuuliza hata swali moja. Alisema tu, "Si angesema mapema," akachukua ufunguo, akanituma nikazirudishe sare za muuguzi. Mnunuzi alipokuja alimkuta anashona vifungo vya muuguzi, akarudi alikotoka mikono mitupu.

Hesabu za kodi nimeshazituma, nimeandika mara moja na sikukagua kitu. Zimepokelewa, na kodi imekuja kama ya mwaka jana.

Msalimie wifi sana, na Bonge umbusu mashavu yote mawili. Shangazi mkubwa anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mungu awape afya na riziki, awaepushe na watu wa huduma kwa wateja.

Mwisho wa mwezi, akikupigia kama kawaida yake, Mama atakushukuru. Zipokee hizo shukrani, usiniumbue. Cherehani yake nimeiokoa kwa jina lako, kwa sababu langu halikutosha.

Wako akupendaye hata akiwa amenuna,
Pilipili.