Parvati Amelala

Haripur, bonde la Kangra
Mwezi wa Jeth

Kaka yangu Lachhu,

Nagusa miguu yako kutoka huku mbali, nikiomba barua hii ikukute mzima huko Lahore, na kazi yako ya kuchora katika kiwanda cha picha iendelee vyema. Ukiuliza habari zetu, Baba yu hai, mimi ni hai, na ng'ombe mwekundu alikuwa nje, naye akapona. Barua yako ilichelewa kwa kuwa barabara zilikatika tangu tetemeko. Nami nimechelewa kujibu. Niwie radhi, siku hizi hata kushika kalamu ni kazi.

Nyumba yetu iko chini, na ya jirani, na ya jirani yake. Mtaa mzima tunaishi chini ya maturubai kando ya mto. Tunachimba, tunapumzika, tunachimba tena. Baba alifukua kifusi kwa mikono mpaka akapata vikombe vyake vya rangi, jiwe la kulainishia karatasi na brashi za manyoya ya kindi. Alipovipata akavifunika kwa kitambaa, asiviguse tena. Thunia kinyozi akamtania kwamba miungu anaowachora wanamngoja. Baba akamjibu kwamba na wao wapange foleni, kama sisi tunavyopanga foleni ya unga.

Kisha akamjia mwanamke mmoja wa humu humu kambini. Alfajiri ya tetemeko alikuwa ametoka kukamua, mwanawe amemwacha amelala ndani. Paa la mawe lilishuka mbele ya macho yake. Tangu tulipomzika mtoto hakulia wala hakusema neno. Siku hiyo aliketi mbele ya Baba, akamwomba amchoree Parvati, mungu mama. Baba alidhani anataka picha ya kuombea, kwa kuwa madhabahu za nyumbani zote zimefukiwa, akamuuliza amweke juu ya simba au mlimani pamoja na mumewe.

"Mchore amelala," akasema.

Baba alimweleza taratibu kwamba tangu ujana wake amemchora Parvati akipigana na majitu, akimwogesha mwanawe Ganesh, akimsaidia mumewe Shiva kushona blanketi. Amelala, hajapata kuombwa na mtu.

"Kama alikuwa macho, basi aliona," mwanamke akasema. "Kama alikuwa amelala, huenda nikamsamehe."

Baba akafunua vile vikombe, akanituma maji.

Unamjua Baba akifanya kazi: hali mpaka alishwe. Alimchora Shiva mweupe kwa majivu, hana nyumba, familia yake yote chini ya mti mmoja. Parvati amelalia mkono wake, mdomo wazi kidogo, mguu mmoja umetoka nje ya blanketi. Ganesh amejikunja tumboni pake. Aliye macho ni Shiva peke yake, ameshika nguo kuwakinga jua. Kwa kawaida Baba huyachora macho ya mungu mwisho, nayo humchukua asubuhi nzima. Safari hii alivuta mstari mmoja mwembamba kwa kila jicho lililofumbwa, akaweka brashi chini, akalia.

Thunia alipoiona picha akauliza, bila utani, huyu akilala nani atatulinda.

"Hata mama huchoka, Thunia," Baba akamwambia. "Mwache alale."

Wanawake wakaja kuitazama mmoja mmoja. Walinong'ona, kama watu wanaochelea kumwamsha.

Kaka, nimezunguka vya kutosha. Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Mwanamke huyo ni shemeji Kesro, mkeo. Mtoto ni Mohnu wetu. Nimeandika "mwanamke mmoja" kwa sababu kila nilipotaka kuandika jina lake mkono ulikataa, na Baba hakutaka uzipate habari hizi kwa mtu baki. Mimi ndiye niliyemtoa mtoto chini ya mawe. Uso wake ulikuwa mzima, na naamini hakujua lolote. Tumemlaza ng'ambo ya mto, penye kivuli.

Sina maneno ya kukupoza. Sina hata ya kujipoza mwenyewe. Najua tu kwamba shemeji ameiweka picha karibu na kichwa chake, na tangu hapo anapata usingizi. Leo asubuhi, akikanda unga, aliniuliza bila kunitazama kama treni ya Lahore bado inafika Pathankot. Nikamwambia inafika. Akaongeza konzi moja ya unga kwenye sinia.

Baba anakuwekea mkono kichwani. Thunia na jirani zetu wote wanakusalimu kwa majonzi. Ukipanda kutoka Pathankot uangalie njia, mawe bado yanaporomoka.

Mimi mdogo wako, niliyechoka,
Jaimal